Utabiri wa Mfua Jezi

Wiki nzima wananijia na madaftari,
vijana wa hesabu hapa chuoni Kisumu:
asilimia, wastani, mitupo huru,
nani alimfunga nani kule Kakamega mwezi Machi.
Wote wanaapa fainali ya kanda ni yetu.

Mimi nafua jezi.
Namba saba imechanika kwapani mara ya tatu,
nimeishona kwa uzi wa gunia.
Ya Wafubwa ina damu ya pua,
na ya Odindo, nahodha, imerudi kavu,
inanuka dawa ya kuchua:
jezi ya mtu aliyeketi benchi akishika goti
na kutuambia ana mafua.

Nakuru wanakuja na wale wawili,
Kiptanui na mwenzake, wanaoinama mlangoni
kama wanaingia banda la kuku.
Ukuta haurukwi kwa asilimia.

Basi nikasema: Nakuru, kwa vikapu viwili.
Jikoni walininunia siku mbili.
Bwana stoo akacheka, akaweka soda,
nami nikaweka yangu.

Jumamosi. Jua linachoma saruji,
upepo wa ziwa unatikisa nyavu.
Dakika moja imebaki, wako mbele kwa nne,
sawasawa na nilivyonena,
na Odindo anaingia akichechemea,
anaomba mpira.

Soda siikumbuki.
Nimesimama juu ya karai langu la kufulia,
kitambaa cha kichwa sijui kimeangukia wapi,
napiga kelele: Tupa! Tupa, mwanangu,
niumbue!