Bei ya Siku Moja

Euro mia mbili na ishirini kwa siku.
Mashua juu yake, chakula juu yetu.
Nimeiandika bei nyuma ya bahasha ya bili ya umeme
na kuiegemeza kwenye kikopo cha chumvi,
kana kwamba ikisimama wima itapungua.

Kaka yangu Urho haitazami.
Ananoa ndoana ambazo tayari ni kali.
"Mwongoza njia wa nini? Mto ule ni wetu.
Baba alikwenda majira ishirini na moja
na hakushikwa mkono na mtu."
Anatandaza ramani mezani, hapa jikoni, Oulu,
theluji ya Aprili ikidondoka kutoka paani,
ramani aliyoichora Baba kwa penseli:
mto Kuosa, mwembamba kama mshipa wa kipaji,
jiwe jeupe, mkondo wa kushoto (USIPITE),
kisha duara la kahawia,
na ndani ya duara hilo, Urho anaapa,
ndimo walimo trauti wakubwa.

Nauliza: hilo ni dimbwi, au kikombe cha kahawa kilikaa hapo?

Ananitazama kama niliyekufuru.

Najua anachohesabu, wala si euro.
Kumlipa mtu atuonyeshe maji ya Baba
ni kama kukodi mtu atuonyeshe kaburi lake.
Mimi nahesabu magoti yangu,
miaka hamsini na minne, buti zinazovuja,
na mto ambao haujawahi kutia saini kwenye ramani.
Barafu huvunjika kila mwaka, husukuma mawe.
Maji usiyoyafika hujui wingi wake,
na haya tuliyafikia mara moja tu, tukiwa watoto,
tukalala garini, jua halitui, mbu hawashibi,
Baba ametokomea kwenye ukingo
na mtu mwenye kofia nyekundu.

Yule alikuwa nani?
"Mpita njia," Urho anasema.

Jumapili nalifungua sanduku la zana zake.
Nzi bandia aliowafunga mwenyewe kwa nyuzi na manyoya
wamepangwa kwa ukubwa, wamefunikwa na vumbi.
Chini kabisa, ndani ya kitambaa chenye harufu ya lami,
daftari jembamba lenye jalada la buluu.
Natarajia samaki: uzito, tarehe, majigambo.
Nakuta matumizi.

*1978. Niillas, siku tatu, markka mia na ishirini.*
*1979. Niillas, siku nne. Na kahawa kilo mbili, ya mkewe.*
*1983. Niillas kakataa pesa. Nimempa kisu.*
*1986. Jiwe jeupe limehama. Nimemwonyesha ramani. Kacheka sana.*

Majira ishirini na moja, kweli.
Ishirini na mwenyeji.
Wa mwisho, mwandiko umelegea:
*Niillas hayupo tena. Nimekwenda peke yangu.*
*Sikupata kitu. Nilizima injini, nikakaa.*

Nampelekea Urho. Anasoma amesimama.
Anarudi kwenye mwaka wa themanini na tatu,
anaurudia, kidole juu ya neno.
"Kile kisu," anasema, "cha mpini wa pembe.
Alituambia kilizama."
Anaketi. Nilidhani atakasirika.
Anavuta bahasha, anagawanya kwa mbili,
anakosea, anagawanya tena.

Jina lililo chini ya bei ni Inga-Máret.
Wa ukoo gani, haikuandikwa.
Huenda ni binti, huenda ni mjukuu,
huenda ni mtu tu mwenye mashua na leseni.
Napiga. Inaita muda mrefu, kama simu
iliyoachwa kwenye koti, koti kwenye msumari.
"Muulize kuhusu kisu," Urho ananong'ona.

Siulizi. Nauliza buti, nauliza saa ya kuondoka,
nauliza kama amana hurudishwa.
Halafu, sijui kwa nini, namwambia tuna ramani,
ina jiwe jeupe.

Kimya kidogo.
Kisha anacheka, anacheka sana,
hata Urho, upande wa pili wa meza, anainua kichwa.