Kimo cha Sakafu

Walinipa karatasi moja yenye mhuri mbichi:
ofisi ya kata, ufukweni, idumu miaka sitini,
ijengwe kwa vipande vinavyofunguka,
gharama isizidi ya choo cha soko.
(Hilo la choo nimeongeza mimi.)

Nikachora kama nilivyofundishwa Dar es Salaam:
nondo zifunikwe nene, chumvi isizifikie,
bolti za chuma kisichoshika kutu,
rangi juu ya rangi juu ya rangi.
Lugata, fundi wa kuchomelea pale Kirumba,
aliitazama ramani, kikombe cha uji mkononi.
"Chumvi," akasema. "Chumvi ya wapi?
Umeshayaonja haya maji?"

Mimi, mzaliwa wa Igombe.
Nimeyaoga, nimeyanywa, nimeyachemshia sato,
na bado nilikuwa nimechora bahari ya watu wengine.

Nikafuta.

Kutu ya hapa haina haraka. Hukaa ndani ya kiungo,
pale bati linapolalia bati
na umande wa alfajiri hauna pa kutokea.
Kila kiungo nikakipa mwinamo na nafasi ya kupumua,
unene wa sarafu mbili.
Madirisha nikayaelekeza pande mbili,
maana upepo wa ziwa huingia mchana
na wa nchi kavu huurudisha usiku, kama deni.
Kisha wale wadudu
wanaopanda majini kama moshi wa jiko lisilo na mtu:
usiku mmoja tu wamejaza mfereji,
wameoza, wameshika maji kama sifongo.
Mfereji nikautoa nje ya ukuta,
mahali ufagio unafika bila ngazi.
Nguzo nikazisimamisha juu ya majabali
yaliyokuwepo kabla ya kata, kabla ya halmashauri,
na ambayo hayajawahi kuomba ukarabati.

Likabaki swali moja. Sakafu ikae juu kiasi gani?

Wa idara ya maji alinipa namba.
Wauza dagaa wa Mwaloni walinipa namba tatu, wakagombana.
Diwani alisema maji hayarudi tena,
kama vile yalimwahidi.

Bi Nyanzobe, karani wa vizazi na vifo,
hakutaja namba. Alifungua kabati,
akatoa rejesta iliyovimba kama mkate wa juzi.
Mwaka ule ziwa lilipoingia ofisini bila hodi
vitabu vilikuwa vimesimama rafu ya pili.
Doa la kahawia limepita kila ukurasa,
limenyooka kuliko rula yangu.
Juu ya doa, majina.
Chini ya doa, rangi ya chai.

"Alikuja kijana mmoja wa Mihama, mambo ya mirathi,"
akasema, huku akifunua.
"Nikamwambia, baba yako yumo.
Yumo, lakini yuko chini ya maji."

Nilipiga magoti na futi kamba,
kutoka sakafuni hadi doa:
sentimita themanini na tatu.
Nikaongeza dhiraa moja,
mkono wa Bi Nyanzobe, si wangu.
Na chumba cha rejesta nikakifanya
kipande cha kwanza kufunguka.
Lugata alihesabu kwa vidole:
bolti kumi na mbili, watu wanane, asubuhi moja,
kabati lipande mlimani bila kumwaga jina.

Kamati ilikata baraza la kungojea.
Ikakata rangi ya tatu. Ikakata kivuli cha magharibi,
nikanyamaza, ingawa jua la saa kumi
litamkuta mtu pale kila siku kwa miaka sitini.
Walipofika kwenye kimo cha sakafu
mwenyekiti akashusha miwani:
hii namba imetoka kanuni gani?

Niliweka rejesta mezani.
Ilikuwa bado inanuka magugu.
Akaifunua polepole, kwa ncha ya kalamu,
kisha akaiacha kalamu,
akaanza kutafuta mwaka wake.