Daftari la Mkopo, Mtaa wa Keefer

Tuliishi juu ya duka la Kwok.
Ngazi ilikuwa na vidato kumi na saba, cha tisa kimeoza.
Wageni walikikanyaga, wakapiga yowe.
Sisi tulikiruka hata gizani,
hata na ndoo ya maji mkononi.
Ndivyo Mama alivyojua nani anapanda:
mguu unaoruka ni wa nyumbani.

Vancouver ilinyesha. Ilianza Oktoba,
ikanyesha hadi tukasahau ilianza lini.
Bata wa kubanikwa walining'inia dirishani,
shingo ndefu, wakitazama barabara
kama watu wanaosubiri kuitwa majina yao ofisini.

Mama alishona zipu, senti nne kila moja,
cherehani ikikimbia hadi usiku wa manane.
Usingizi wangu ulidariziwa na sauti ile;
hadi leo, kimya kikizidi,
sipati hata lepe.

Asubuhi niliitwa Doreen.
Mwalimu ndiye aliyechagua; jina langu
lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.
Saa kumi jioni, kwenye shule ya pili,
niliitwa Mah Suk-yin, nikachapwa kiganjani,
maana brashi yangu ilivuja wino
kama pua yenye mafua.
Mwalimu Szeto akasema mbele ya wote:
"Huyu ni mwanzi tu.
Fundo huku, fundo kule.
Mimina juu, mimina chini, maji hayapiti."
Darasa likacheka. Nami nikacheka,
nikijua kuwa asiyecheka huchekwa mara mbili.

Basi nikawa mwanzi.
Nikautembeza utupu wangu
kutoka Keefer hadi Gore, kutoka Gore hadi Pender,
nikiwasomea majirani barua zao:
bili ya umeme, miadi ya meno,
na ile ya Bibi Jung, iliyosema *uvimbe*.
Kwa lugha yetu neno hilo sikulijua.
Nikakunja ngumi, nikaiweka polepole
juu ya tumbo lake.
Akaitikia kwa kichwa.
Akanimenyea chungwa.

Dukani nilichukua plamu za chumvi,
nikasema, "Baba atalipa."
Bwana Kwok hakuinua macho. Penseli
ilishuka kutoka sikioni, ikaandika, ikarudi.
Miaka tisa hivyo. Plamu, tangawizi ya sukari,
kifutio, mshumaa wa usiku ule umeme ulipokatwa.
Baba hakudaiwa hata siku moja.

Nikaenda Calgary. Nikaolewa, nikaachika,
nikazoea kuwa Doreen hata ndotoni.

Kisha Bi Kwok akapiga simu. Mzee amekufa,
duka linafungwa, njoo, kuna kitu chako.
Siku hizi anaishi kule juu, chumbani kwetu.
Nikapanda ngazi na balbu imeungua.
Mguu wangu uliruka kidato cha tisa
kabla sijakikumbuka. Nikainama, nikapapasa:
ubao mpya, misumari imara,
umeshatengenezwa zamani.
Na nyuma ya mlango uliofungwa, sauti:
"Suk-yin? Ingia, chai inapoa."

Daftari lilinuka samaki mkavu.
Wengine waliandikwa kwa koo zao:
Lew, Jung, Mah, Seto wa kinyozi.
Kwenye ukurasa wangu palikuwa na alama chache tu,
nikazifuata kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza:
*Mtoto wa juu.*
Mtoto wa juu, plamu.
Mtoto wa juu, plamu.
Mtoto wa juu, mshumaa.

Hapakuwa na Doreen. Hapakuwa na mwanzi.

Jumla: dola kumi na moja na senti arobaini.
Dawa ya deni kulipa, nikafungua pochi.
Bi Kwok akahesabu, akalowesha kidole, akahesabu tena.
"Pamepungua senti tano."
"Najua," nikasema. Ile sarafu
nilikuwa nimeifumbata, imepata joto.

Akanitazama kwa muda.
Kisha akaishusha penseli ya marehemu
kutoka nyuma ya sikio lake mwenyewe,
akaandika.