Visu Ishirini na Kimoja

Miaka kumi na minne nilisimama mwisho wa mashine,
pale mkate unapofika ukiwa tayari ni mkate.
Kazi yangu ilikuwa visu, ishirini na kimoja,
vikipanda na kushuka kwa pamoja,
nami nasukuma, nasukuma:
slesi ishirini,
na vichwa viwili ambavyo hakuna mtoto anayevitaka.

Unga sikuwahi kuugusa.
Unga ulikuwa wa watu wa chumba cha ndani,
waliotoka jioni weupe hadi nyusi,
wakikung'uta viatu langoni bila kutusalimu.

Lango lilifungwa Februari.
Nililipwa nusu, na nusu nyingine nikaahidiwa.
Akeyo hakusema neno. Alileta kilo mbili za ngano
na pakiti ya hamira, ndogo kama ya dawa,
akaviweka mezani kando ya kofia yangu ya kazi,
akaenda Kibuye kuuza omena.
Mtu anayefunga mlango polepole
ameshasema mengi.

Nikaanza. Maji ya uvuguvugu, sukari kijiko.
Hamira ikalala juu ya maji kama vumbi la barabara,
nami nikaingoja kama mgeni
asiyeonyeshwa pa kuketi.
Kisha ikapumua. Povu,
na harufu ya mbali ya busaa, ya boma la mjomba.

Kukanda! Hakuna aliyeniambia.
Unga ulinishika mikono yote miwili kama mdai,
ukaingia chini ya pete, ukapanda viwiko.
Nilipoongeza unga ukawa jiwe,
nilipoongeza maji ukawa uji,
na Amondi, wa darasa la nne, akinisomea kitabu
kwa sauti ya mwalimu wake:
"Funika kwa kitambaa. Weka mahali penye joto.
Subiri saa moja na nusu."

Mwandishi yule haijui Nyalenda.
Mahali penye joto! Saa saba mchana,
chini ya mabati haya,
hata mshumaa huinama wenyewe.
Nusu saa haikuisha, donge likawa limejaa karai,
limeinua kitambaa, linachungulia nje
kama jirani aliyesikia ugomvi.

"Lipige ngumi," akasoma Amondi.
Nikalipiga. Likashusha pumzi ndefu,
nami nikashusha yangu,
ile niliyoibana tangu Februari.

Oveni hatuna.
Tuna sufuria kubwa, ile ya kutolewa wakati wa matanga tu,
mchanga ndani yake, makaa chini,
makaa tena juu ya kifuniko.
Kalibu alinikunjia Obonyo kwa kipande cha bati la paa;
Obonyo hupima kwa jicho,
na siku hiyo jicho lilikuwa na usingizi.

Ukatoka umeegemea upande mmoja,
kushoto umeungua, kulia umepauka,
na katikati, juu, ufa
ambao kule kiwandani ungemfukuzisha mtu kazi.
Lakini harufu ilishavuka ua.
Mama Ouko alikuja kuazima chumvi
akasahau kuondoka nayo.

Akeyo akarudi, karai kichwani, magamba mikononi.
Akautazama mkate, akanitazama.
"Kata," akasema.

Nikachukua kisu cha sukuma wiki.
Kimoja tu.
Mkono uliojua visu ishirini na kimoja
ukatetemeka mbele ya kimoja.
Slesi ya kwanza ikawa nene kama tofali,
ya pili ikapita mwanga wa dirisha.
Amondi hakungoja. Alichukua kichwa,
kile cha upande ulioungua,
akakitafuna kikivuma moshi,
akiruka mguu huu na mguu huu.

Akeyo alikula amesimama.
Alikunywa chai. Akapangusa makombo
kutoka kofia yangu, moja moja.
"Kesho," akasema, "ongeza chumvi."

Nikatoka nje kuhesabu makaa yaliyobaki.