Makopo Yasiyo na Jina

Kontena lilifunguliwa Jumanne, saa nne asubuhi,
nyuma ya depo ya Mama Masengo, komini ya Kenya.
(Watu wa mbali hudhani Kenya ni nchi.
Hapa Lubumbashi ni mtaa, una vumbi lake na soko lake.)
Dereva Mwansasu alikata lakiri kwa koleo,
akarudi nyuma hatua mbili
kama mtu anayefungua nyumba ya marehemu.

Siku sabini na tatu.
Kiwandani, melini, foleni ya Dar es Salaam, mizani ya Tunduma,
kisha Kasumbalesa, siku kumi na moja
akilala chini ya lori lake mwenyewe,
huku malori ya shaba yakipishana naye, yakishuka
kuelekea bahari ile ile.
Tunatoa shaba kwa tani;
tunarudishiwa bati, gramu sabini sabini,
limejaa nyanya.
Mama Masengo hapendi nifanye hesabu za namna hiyo.
"Wewe andika katoni," anasema. "Falsafa haina risiti."

Basi nikaandika katoni.
Za mlangoni, kavu. Za katikati, kavu.
Za nyuma kabisa ziliporomoka mikononi mwetu
kama mkate uliochovywa kwenye chai,
na makopo yakamwagika sakafuni, uchi,
yakibiringika kila moja na njia yake.
Lebo zilikuwa zimebanduka, zimegandamana chini,
nyekundu juu ya buluu, samaki juu ya ng'ombe.
Lipi sadini, lipi nyanya, lipi njegere?
Kyungu mpakuzi akasema: bahari imeingia.

Mama Masengo, ambaye hajawahi kuiona bahari,
alipanda juu ya kreti, akanyoosha kidole hadi darini.
Tone likaning'inia kwenye kucha yake.
Akalilamba.
Sote tulinyamaza.
"Haina chumvi," alisema.

Mwansasu akaeleza: kontena hutoka jasho.
Mchana linaungua juu ya sitaha, usiku linapoa,
na pumzi ya katoni na mbao inapanda, inashika dari,
halafu inanyesha.
Mvua ya ndani. Mvua isiyootesha kitu.
Hakuna bahari iliyoingia;
mzigo umejilowesha wenyewe, njia nzima.

Nilipindua kopo moja. Chini, kwa wino mweusi,
tarehe ya kuisha ilikuwepo, haijapauka tarakimu hata moja.
Nikapindua la pili. La ishirini.
Jina halipo, nchi haipo, bei haipo.
Siku ya mwisho ipo.
Nilitaka kusema neno hapo; nikakumbuka risiti.

Alhamisi tuliyauza nusu bei, lundo juu ya turubai,
na watoto wa Katuba wakaja kuyasikiliza.
Walitikisa karibu na sikio, macho wamefumba:
hili linachapachapa, maziwa;
hili zito, halisemi, nyanya;
hili linagonga kama mtu aliyefungiwa, sijui.
Mmoja, Kamwanya, mwenye sketi ya shule na ndala za kaka yake,
hakukosea hata mara moja.
Wanunuzi wakaanza kumlipa faranga mia
awasikilizie.
Mama Masengo alimtazama kutoka mlangoni
jinsi mtu anavyomtazama mshindani.

Hasara: katoni arobaini na sita. Niliandika.
Jioni aliniita kwenye bukari,
akafungua kopo alilolichagua mwenyewe baada ya kulitikisa mara tatu.
"Sadini," aliapa. "Mimi nina masikio."
Zilikuwa njegere.

Alizimwaga juu ya lengalenga bila kunitazama.
Tulikula. Nje, Mwansasu aliacha milango ya kontena wazi
ili upepo uingie; ilikuwa ikigongana, bati kwa bati.
"Lile daftari," alisema, mdomo umejaa.
"Andika sadini."