Mguu wa Nne

Zamu yangu ya kikoba ilipofika,
wenzangu walitaja vigae, wakataja ng'ombe wa maziwa.
Mimi nilikwenda Mbuyuni,
nikarudi Pasua na mashine ya kuchomelea,
nyekundu, nzito kama mtoto aliyelala.

"Unafungua karakana, Mama Anande?"
Hapana. Nataka viti.
Viti vinne na meza, vya barazani,
visivyopeperuka upepo wa Agosti ukishuka
kama vile vya plastiki, ambavyo mara mbili
nimevifuata kwenye migomba ya Kirita.

Bomba la mraba lilikuja juu ya guta,
limening'iniza mkia wenye kitambaa chekundu.
Nondo ni masalia ya siku tulipomwaga lenta.
Na ubavu wa kitanda cha bweni, wa mnada,
kutoka shule niliyooshea chupa za maabara
miaka ishirini na sita:
namba 41 ingali imeandikwa.

Nyuzi arobaini na tano
ni karatasi ya daftari, kona kwa kona.
Grinda inalia,
mbwa wa jirani anaitikia.

Kisha kijiti.
Siku ya kwanza kilinata, kikanata, kikanata,
nikakinyonga kama shingo ya kuku.
"Gusa kama unawasha kiberiti," akasema Ombeni,
kijana anayetengeneza mageti hapo kona.
"Usikodoe. Sikiliza."
Chuma kikiiva hulia kama mafuta
yanapopokea kitunguu.
Hapo nikaelewa.
Maisha yangu yote nimesikiliza sufuria.

Mshono wa kwanza ulikaa kama kinyesi cha kuku.
Wa ishirini, kama mgongo wa jongoo.
Katikati ya hapo nilichungulia pembeni ya kioo,
mara moja tu, kwa haraka zangu,
nikalala na vipande vya viazi machoni,
mchanga wa moto ukisaga chini ya kope.
Katikati ya hapo uniti ziliisha,
mguu wa tatu ukabaki umeshikwa na tone moja.

Alfajiri nikakitoa kiti cha kwanza barazani.
Mlima ulikuwa wazi wote.
Kiti kikayumba.
Kidogo tu: ndo, ndo.
Nikakata mguu wa nne, nusu sentimita.
Kikayumba upande wa pili.
Nikaunga, nikasaga, nikatukana kwa Kichaga,
lugha niliyoitunza kwa matusi na sala,
nikakata tena,
mpaka kikatulia kimya
kwenye kona ya kushoto, karibu na mlango wa jiko.

Chuma kilikuwa bado cha moto. Nikamwaga ndoo.

Maji hayakutuama.
Yalijikusanya, yakanyooka,
yakashika njia moja kuelekea kusini,
yakaruka ukingo,
yakaingia kwenye shina la mgomba.
Kuna kibonde pale, upana wa kanga iliyokunjwa,
hukioni
mpaka maji yakuonyeshe.

Sakafu hii aliipiga Aminieli mwaka wa El Ninyo,
magoti juu ya gunia, mwiko mkononi.
Nilimwambia, imelala upande.
Akasema, iache.
Nikadhani amechoka.
Robo karne napiga deki hapa,
naona maji yakijiondokea,
sijawahi kujiuliza nani aliyeyaelekeza.

Ombeni anasema nimpelekee kile kiti,
dakika tano tu, atakinyoosha.
Nimekipaka praima, halafu kijani.
Ile 41 nimeizungushia brashi polepole,
sikuifunika.
Ukikisogeza hatua moja, kinachechemea.

Kwa hiyo sikisogezi.
Wageni wana vile vitatu vingine,
miguu sawasawa, yote minne, nimepima mara mbili.
Vinacheza kidogo.
Naweka kadibodi chini.