Mlango wa Pasua

Mlango wetu wa mbele ulianza kuburura mwezi wa Aprili,
ule mgrevilea ukanywa mvua kana kwamba bado una mizizi.
Ukachora sakafu: upinde mweupe
juu ya sementi nyekundu niliyoipiga rangi kwa mikono yangu
mwaka ule kahawa ilipopanda bei.

Kila mgeni aliingia na ushauri, hodi ikamfuata nyuma.

Mzee Ndetaramo: piga randa chini, kidogo tu, unene wa kucha.
Mama Nakiete wa kwaya: mbao zimepitwa, weka geti la chuma.
Shemeji yangu, ambaye nyundo huishika
siku ya kuiazima tu,
akasema nyumba yenyewe ndiyo imelala upande,
nyumba nzima, msingi na yote.
Kisha akaomba chai.

Basi nikaenda Mbuyuni kununua randa.

Muuzaji alinipangia tatu juu ya kaunta,
penseli sikioni, anazigeuza polepole
kama anayemtambulishia mgeni watoto wake.
Ya chuma, elfu arobaini na tano.
Ya mbao, ishirini na nane, makali yake hayaoni.
Ya tatu sikuuliza.
Nilikuwa nahesabu noti ndani ya pochi bila kuitoa
niliposikia sauti nyuma yangu:
"Mama, ukiinua kitasa, mlango unapanda?"

Alikuwa fundi Ombeni, amekuja kununua msasa,
vumbi la mninga kwenye nyusi.

Sijauinua, nikasema.

"Sasa unanunua dawa, mgonjwa kapimwa na nani?
Ukiukata leo umelowa, kiangazi utakauka,
na panya watapita chini bila kuinama."

Nikarudi mikono mitupu. Nikashika kitasa, nikainua.
Mlango ukapanda, mwepesi,
kama mtoto anayejua anabebwa ingawa amefumba macho.
Bawaba ya juu, skrubu tatu:
moja imeshika, mbili zinacheza
kama meno ya darasa la kwanza.

Kesho yake nilinunua bisibisi. Moja.
Nilikwenda na skrubu yangu kwenye leso,
nikaijaribu kwa kila ncha, kama alivyonielekeza:
inayokaa bila kutikisika ndiyo yako,
inayoteleza itakula kichwa cha skrubu
na itakula Jumamosi yako.
Yenye mpini wa rangi nzuri iliteleza.
Niliyochukua ina mpini mweusi, mfupi, mbaya,
imejaa kiganjani.

Gundi ya mbao, elfu tatu. Kiberiti nilikuwa nacho.
Nilivunja vichwa vya njiti, nikazichovya,
nikazisokomeza kwenye matundu, nne huku, tano kule,
nikatia kigingi chini ya mlango, nikaacha usiku upite.
Asubuhi nikakaza. Taratibu.
Mzunguko wa mwisho mbao ililia kidogo, ikanyamaza.

Na mlango ukanyamaza.

Hilo hakuna aliyekuwa amenishauri.

Aikande wangu hufua mashuka ya hoteli,
zamu yake huisha saa sita usiku.
Miezi yote ile nililala nikingoja mburuzo:
*krrr*, amefika. Nageukia ukuta, usingizi unanichukua.
Usiku wa kwanza wa mlango mzima
nilisikia mbwa wa jirani, nikasikia saa,
nikasikia maji ya mfereji yakishuka kutoka juu.
Saa nane nikaamka, nimejifunga kanga, tochi mkononi,
nikamkuta kitandani anakoroma, soksi miguuni.

Sikulegeza skrubu. Niliwaza, sitakataa.

Siku hizi anagonga ukuta wangu kwa kidole, mara mbili,
na mimi najibu mara moja.
Upinde bado uko sakafuni.
Mama Nakiete anauliza kwa nini siupaki rangi.
Rangi ninayo, nusu kopo, chini ya kitanda.
Brashi ninayo, nzuri, haimwagi nywele.
Ushauri sijaomba.